Mbwa wa Polisi Huingia, wa Mgonjwa Hubaki Mlangoni

Nilikuwa Bariadi kukagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mafunzo ya ualimu kwa vitendo, na asubuhi moja nikamsindikiza mtu katika ofisi ya umma ambayo sitaitaja. Mtu huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Sasa ana miaka thelathini na kitu, anaishi nje kidogo ya mji, analima pamba na choroko, anafundisha watoto wa jirani masomo ya jioni, na usiku anaandika hadithi. Ana kifafa. Ana pia mbwa, jike la rangi ya udongo mwekundu, aitwaye Semeni. Wanaojua desturi ya kuwapa mbwa majina ya kuwajibu majirani hawatahitaji kuelezwa jina hilo lilikotoka.

Mlangoni mlinzi alinyoosha rungu. "Kijana, huyo mbwa hapana."

"Shikamoo, mzee. Huyu ndiye anayeniangalia nikianguka."

"Marahaba. Basi akuangalie ukiwa huko nje."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Ninakiri, kwa kuwa uandishi wa kushutumu wengine hauna thamani kama mshutumu hajianzi mwenyewe, kwamba nami nilitabasamu. Mbwa akafungwa chini ya mwarobaini, tukaingia. Hata nusu saa haikupita. Alianguka katika ukumbi mwembamba wenye sakafu ya saruji, kichwa kikagonga ukingo wa benchi. Watu walirudi nyuma kama maji yanayokimbia jiwe. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Mmoja alisema kwa sauti kwamba povu lisiguswe, mwingine akaja mbio na kijiko ili akitie mdomoni, jambo ambalo daktari yeyote atakuambia huvunja meno na kuziba pumzi. Huko nje Semeni alikuwa anabweka na kuivuta kamba, na mlinzi, kwa bidii ya kazi, akamtupia jiwe.

Sikuandika haya ili kumwonea mlinzi. Mlinzi alitii. Nilipomuuliza ofisa aliyekuwa zamu ni kanuni ipi inayokataza mbwa huyo kuingia, alinijibu neno moja: utaratibu. Nikaomba nionyeshwe utaratibu huo ulipoandikwa. Sikuonyeshwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wanaokwenda kuwa watumishi wa umma, na neno hili limeanza kuniogopesha kuliko neno lolote katika Kiswahili cha ofisi. Utaratibu usioandikwa popote hauna mwandishi, hauna tarehe, hauna rufaa.

Wala isidhaniwe kwamba dola yetu haimjui mbwa. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na mbwa wake huingia viwanjani, bandarini na katika majengo bila mtu kuuliza usafi wa miguu yao. Mbwa wamefunzwa hapa Tanzania kunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika mizigo. Na si mbwa tu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kwa zaidi ya miaka 20, na panya hao hunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Tumewapigia panya makofi, tena kwa haki. Taifa linaloweza kumwamini panya kupima makohozi halina sababu ya kumcheka mtu anayesema mbwa wake anajua wakati anapoanguka. Tofauti iliyopo ni ya mwenye mnyama: mbwa wa ofisini ana cheo cha ofisi, na mbwa wa mgonjwa ana cheo cha mgonjwa.

Nitaeleza Semeni anafanya nini, maana wengi wanaposikia mbwa msaidizi huona picha ya filamu za Ulaya. Nchi za wenzetu zina shule za mbwa hawa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Ujerumani iliwafunza mbwa kuwaongoza askari waliopofuka, Marekani ikaanzisha shule yake ya kwanza mwaka 1929, na huku kwetu barani Afrika Kusini ina chama cha mbwa waongozaji tangu 1953. Semeni hakusoma shule yoyote. Alipewa mwenyewe akiwa kitoto cha miezi miwili ili alinde mbuzi. Miaka miwili baadaye majirani waliona kwamba kijana akianguka shambani, mbwa huja mpaka uani kwao akibweka kwa namna ambayo habweki kwa fisi wala kwa mgeni, na haondoki mpaka afuatwe. Siku nyingine, asema mwenyewe, mbwa humkatalia kuinuka, humlalia miguuni, na muda si mrefu kifafa huja. Nilipokuwa sijaona nilidhani ni hadithi ya mtunga hadithi. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walionyesha kwamba mbwa waliofunzwa wanaweza kuitambua harufu ya mwili wa mtu aliye katika kifafa na kuitofautisha na harufu yake ya siku za kawaida. Semeni hajapimwa na mtu. Anachofanya kinajulikana kwa nyumba nne zinazomzunguka, na nyumba hizo zimeshamwinua mwenyewe kutoka mferejini, na mara moja kutoka jikoni, ambako mkono wake wa kushoto uliungua mpaka kiwiko.

Kabla ya mbwa, kazi hiyo ilikuwa ya mama yake. Alikuwa analala mlangoni pa chumba cha mwanawe, na msimu wa kupalilia pamba ulimkuta nyumbani. Semeni amemrudishia mama huyo usingizi na shamba. Hii ndiyo hesabu ambayo hakuna afisa mipango aliyeifanya: mwanamke mmoja wa makamo, siku zake zote, kwa miaka tisa.

Kuna pingamizi la haki na sitalikwepa. Simiyu inapakana na Serengeti, na kichaa cha mbwa si hadithi huko. Mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huo ni nadra mno kupona. Anayewaogopa mbwa katika Meatu au Itilima ana sababu zake, na huenda amemzika mtu. Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho wake inamsaidia nani? Ugonjwa huo unazuiwa kwa chanjo, na wataalamu wanasema ukiwachanja mbwa asilimia 70 maambukizo hukatika. Mbwa mwenye mwenyewe, mwenye kamba, mwenye kadi ya chanjo, ndiye mbwa tunayemtaka. Ukimfukuza huyo mlangoni na kumwacha yule mzururaji akipita nyuma ya jengo ambako taka za kantini zimemwagwa, hujalinda afya ya mtu.

Na hapa kuna jambo linaloniuma. Mwaka 1994 maradhi ya distempa yaliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na chanzo cha maradhi hayo. Miaka michache baadaye kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi zilianza, na zimeokoa watu wengi. Ninazishukuru. Lakini tazama mpangilio wa mambo: simba alipougua, mbwa wa mwanakijiji akaonekana. Mwanakijiji mwenyewe akiugua, mbwa wake hurudi kuwa mbwa.

Wapo watakaoniambia habari ya dini, na hao wastahili jibu la adabu. Najua jinsi madhehebu ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, yanavyoyahesabu mate ya mbwa. Najua pia kwamba fikihi hiyohiyo imemruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba, yaani imetambua haja. Ofisi inayotaka kuwaheshimu wote inaweza kuweka benchi moja pembeni kwa mwenye mbwa. Haihitaji kongamano.

Sasa sheria. Kijana yule alikwenda ofisini kuulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Alitaka paneli ya sola yenye nguvu na mashine ya kuchapia ili afungue kibanda cha kuchapa barua na mitihani. Aliulizwa ulemavu wake uko wapi. Aliposema ni kifafa aliambiwa, "Wewe una miguu miwili na macho mawili." Nina mashaka kama aliyesema hivyo amewahi kuisoma Sera ya Taifa ya mwaka 2004 kuhusu watu wenye ulemavu. Sera hiyo haihesabu miguu. Inauelezea ulemavu kuwa ni kupotea au kupungua kwa nafasi ya mtu kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii, ziwe za muda au za kudumu. Mtu anayekatazwa kuoga mtoni, kupanda pikipiki, kupika peke yake, na ambaye wazazi wa msichana wanamkataa kabla hajatuma mshenga, ana nafasi zipi zilizosalia?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya mkataba inazitaka nchi zitoe usaidizi ulio hai katika majengo na huduma zilizo wazi kwa umma, na ibara ya 20 inarudia jambo hilo inapozungumzia uhuru wa mtu kutembea. Katika nchi nyingi maneno hayo yamesomwa kuwa yanamhusu pia mbwa. Sisi tuliweka saini. Mlinzi wa Bariadi hakuambiwa.

Ninajua swali linalowajia wasomaji wangu wanaharakati: kati ya matatizo yote ya Simiyu, bei ya pamba, maji, madarasa, kwa nini nizungumzie mbwa mmoja na mtunga hadithi mmoja? Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 una watu zaidi ya milioni 2. Swali ni zuri, na jibu langu linapita ng'ambo ya Ghuba ya Speke, ghuba hiyohiyo inayolamba ufuko wa Busega.

Huko Ukerewe alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya kubwa kwa Kikerewe, juu ya mume na mke wanaotamani mtoto. Hakupata wa kuichapisha. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mamia, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka yake ya mwisho aliishi na ugonjwa wa viungo uliomlemaza, katika umaskini, kijijini.

Katika semina zetu hadithi hii husimuliwa kama hadithi ya uvumilivu. Nimeisimulia hivyo mimi mwenyewe, mbele ya ubao, na wanafunzi wakaandika "uvumilivu" katika madaftari yao. Leo naiona kuwa ni hati ya mashtaka. Miaka 35 kati ya mswada na kitabu! Tunausifu uvumilivu wa mgonjwa kwa sababu hautugharimu chochote. Vidole vilivyokakamaa viliandika, na sisi tulichokuwa tunakifanya kwa miaka hiyo yote ni kuchelewa. Ni bahati tu kwamba mswada haukuliwa na mchwa. Waandishi wangapi wa Kisukuma, Kikerewe na Kijita hawakupata bahati hiyo, hatuwezi kujua, kwa kuwa asiyechapishwa haachi jina la kutafutwa.

Wala asijidanganye mtu kwamba umaarufu ungesaidia. Binyavanga Wainaina wa Kenya alipata Tuzo ya Caine mwaka 2002, akaanzisha jarida la Kwani?, akasomwa dunia nzima. Alipopatwa na kiharusi mwaka 2015 marafiki zake ndio waliopitisha bakuli ili atibiwe. Desemba mosi 2016, Siku ya UKIMWI Duniani, alitangaza mwenyewe kwamba anaishi na virusi. Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 48. Kama bakuli lilimfikia yeye, kijana wa Bariadi atarajie nini?

Tangu mwaka 2023 nchi yetu hutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10 na mswada wake huchapishwa. Ni jambo jema na aliyelibuni astahili pongezi. Lakini tuzo huukuta mswada ukiwa umekwisha. Mswada wa mgonjwa hukwama kabla ya hapo, mahali ambapo hakuna kamati ya majaji inayofika.

Niruhusuni niseme unavyokwama. Kifafa kikipita hufuta saa zilizokizunguka, na siku nyingine mwandishi huamka akakuta kurasa mbili katika kauntabuku yake ambazo hakumbuki kuziandika. Huzisoma kama za mtu mwingine, na huzikata bila huruma, jambo ambalo, kusema kweli, lingewafaa waandishi wengi wazima. Dawa yake ni fenobabitali, dawa kongwe iliyoanza kutumika mwaka 1912, ya bei ndogo, inayopaswa kuwapo hata katika zahanati. Isipokuwapo, na kuna miezi isiyokuwapo, hana hiari ya kungoja, kwani kuikatiza ghafla huleta kifafa juu ya kifafa. Hapo huchukua basi kwenda Mwanza, kupitia Lamadi na Magu, na nauli hiyo ni karatasi, kalamu na taa. Dawa ikiwapo humletea usingizi. Koroboi hawezi kuitumia, maana mtu anayeanguka haruhusiwi kuwa na moto mezani. Anaandika kwa taa ya sola inayozima saa nne usiku. Chini ya meza amelala Semeni. Ndiyo sababu meza hiyo ina mtu.

Niliposoma kauntabuku ya pili nilikuta hadithi ya karani wa chama cha ushirika anayepima pamba kwa mizani iliyochezewa, na usiku anaota kwamba yeye ndiye anayepimwa. Siandiki hili kwa huruma ya mwalimu. Nimesoma miswada mingi ya watu wenye afya njema, wenye kompyuta na umeme wa uhakika, na sijakutana na karani kama yule.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mlio ofisini, ambao baadhi yenu nimewafundisha na baadhi mmenipita vyeo. Siombi serikali iagize mbwa kutoka Ulaya, ambako kumfunza mmoja hugharimu fedha za kujengea zahanati. Mbwa tunao. Naomba waraka wa ukurasa mmoja kutoka wizara yenye dhamana, unaosema kwamba mtu mwenye barua ya daktari, na mbwa mwenye kadi ya chanjo iliyosainiwa na ofisa mifugo, huingia wote wawili, na anayewazuia ataje kanuni kwa maandishi. Naomba kamati za mikopo zisome sera kabla ya kuhesabu miguu. Kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kipimo changu si hotuba za uzinduzi: ni kama fenobabitali itapatikana Bariadi kila mwezi bila mtu kupanda basi. Na kwa wenzangu wa vyuo vikuu, tunaoandika tahakiki ndefu juu ya waandishi waliokufa, ningependa kujua ni nani kati yetu amewahi kumsaidia mwandishi aliye hai kujaza fomu.

Povu, msomaji, haliambukizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, na aliwakuta wagonjwa walioachwa waungue motoni kwa sababu ndugu zao waliogopa kuguswa na povu hilo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, katika jengo lenye kompyuta na bendera, niliwaona watu waliosoma wakirudi nyuma kwa woga uleule. Aliyekuwa tayari kusogea alikuwa amefungwa kwenye mwarobaini.

Alizinduka baada ya dakika kama tatu. Hakujua yuko wapi. Alipotambua, swali lake la kwanza lilikuwa kama mbwa amekula jiwe. Nilimwambia ndiyo, ubavuni, lakini yuko salama. Tukatoka bila fomu.

Niliiandikia ofisi ile barua, na nakala nikaiacha masijala. Jibu lilikuja kwa simu: suala linashughulikiwa, na wao hawakumbuki kumzuia mtu yeyote, walimzuia mbwa tu. Kijana ameanza kauntabuku ya nne. Chanjo ya Semeni inakwisha muda wake mwezi ujao, na ofisa mifugo wa kata ameahidi kupita.